Kuakisi Skrini ya Kompyuta kwenye Televisheni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Televisheni bapa imeenea Lamu: iko madarasani, iko kwenye mikutano ya vikundi vya wavuvi, iko kwenye nyumba za wageni kule Shela, na iko katika kumbi ambamo vijana hukutana kutazama mpira. Pamoja nayo imekuja desturi ya kuunganisha laptopu ili kilicho kwenye skrini ndogo kionekane na watu wote, na desturi hiyo nayo imezaa imani ambazo watu hupokezana bila ya kuzihoji. Nyingi zina mzizi mmoja, nao ni kudhani kuwa picha hupita kwenye waya kama maji yapitavyo kwenye mfereji, kwa hiyo isipofika, basi mfereji umeziba.

Ukweli ni kwamba picha haitoki kabla ya vifaa viwili kuafikiana. Kebo ya HDMI inapochomekwa, televisheni huijulisha kompyuta kuwa ipo, kisha huipa maelezo mafupi kujihusu: imetengenezwa na nani, inaweza kuonyesha pikseli (vidoti vinavyounda picha) ngapi, mara ngapi kwa sekunde, na kama inapokea sauti. Maelezo hayo huitwa EDID. Kompyuta huyasoma, huchagua umbo la picha ambalo pande zote mbili zinaliweza, na hapo ndipo huanza kutuma. Dhana zinazofuata, takribani zote, hutokana na kutojua kuwa mazungumzo hayo yapo.

Dhana: televisheni ikisema hakuna mawimbi, kebo imekufa

Mara nyingi kebo ni nzima. Televisheni huwa na matundu mawili au matatu ya HDMI, na aghalabu moja limeshakaliwa na king'amuzi. Mtu huchomeka laptopu kwenye tundu jingine huku televisheni ikiendelea kusubiri picha kutoka kwenye lile la king'amuzi. Kitufe cha kuchagua chanzo kwenye rimoti ndicho cha kubonyezwa kwanza, kabla ya kumwita fundi. Upande wa kompyuta, anayetumia Windows abonyeze kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P. Njia hiyo ya mkato imekuwapo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, na huleta chaguo nne: skrini ya kompyuta peke yake, kuakisi, kutandaza (skrini mbili kuwa kama moja pana), na skrini ya pili peke yake. Ikiwa hayo yote yamefanywa na bado hakuna kitu, chomoa kebo, washa televisheni kwanza, kisha uichomeke upya, ili vifaa vianze tena kujulishana.

Dhana: plagi ikiingia, picha itatoka

Dhana hii ndiyo inayowapotezea watu fedha. Tundu la USB-C, lile dogo lenye kingo za mviringo, halitambuliki kazi zake kwa umbo. Baadhi ya matundu hayo huchaji na kuhamisha faili tu, na mengine hutoa picha kwa sababu mtengenezaji aliyapa uwezo wa DisplayPort. Alama ya radi ya Thunderbolt, au herufi D na P zilizoshikana, ni dalili njema. Pasipo na alama, tazama sifa za modeli hiyo kwenye tovuti ya aliyeitengeneza kabla ya kununua adapta yoyote. Ama tundu la kawaida la USB lililo nyuma ya televisheni, kazi yake ni kusoma flashi, na kuliunganisha na laptopu kwa waya hakuleti picha.

Kisha kuna projekta kuukuu, ambazo bado ziko imara katika shule na ofisi, zenye tundu la VGA pekee. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987 na hubeba mawimbi ya analogi, ilhali HDMI, iliyotangazwa mwaka 2002, hubeba data ya kidijitali. Kinachohitajika baina ya hizo mbili si waya bali kigeuzi chenye saketi ndani yake, na kigeuzi hicho hufanya kazi upande mmoja tu: kilichotengenezwa kupokea HDMI na kutoa VGA hakiwezi kufanya kinyume chake, hata plagi zikikubali. Waya mtupu wenye HDMI upande huu na VGA upande ule, usio na saketi yoyote, haufai kitu kwenye kompyuta ya kawaida, ingawa madukani unauzwa kwa bei ya kuvutia. Ikumbukwe pia kuwa VGA haibebi sauti.

Wako wanaotaka kinyume chake, yaani kuchomeka king'amuzi kwenye laptopu ili waitumie kama televisheni. Tundu la HDMI la laptopu, isipokuwa kwa modeli chache mno, hutoa picha tu na halipokei.

Dhana: picha ikiwa na ukungu, televisheni ni mbovu

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa karibu. Laptopu nyingi za bei nafuu na zile za mtumba zina skrini yenye pikseli 1366 kwa 768, na televisheni ya kawaida ina 1920 kwa 1080. Kuakisi maana yake ni kuwa skrini zote mbili zionyeshe picha ileile, na kwa kuwa skrini ya laptopu haiwezi kupanda, mara nyingi televisheni ndiyo hulazimika kushuka. Ukifanya hesabu, laptopu inatuma takriban pikseli milioni 1.05, na televisheni inazinyoosha zijaze nafasi ya milioni 2.07. Karibu nusu ya pikseli zinazoonekana ukutani zimebuniwa na televisheni yenyewe kwa kukisia. Katika video mtazamaji hahisi sana. Katika jedwali la alama za wanafunzi lenye safu kumi na tano, nane na tatu huwa hazitofautishiki kwa aliyeketi nyuma.

Dawa yake ni kuacha kuakisi. Ukichagua skrini ya pili peke yake, au kutandaza, kila skrini huhesabiwa kwa kipimo chake, na maandishi kwenye televisheni hukaza palepale. Inashangaza jinsi watu wanavyokubali kununua televisheni mpya kabla ya kujaribu hili.

Tatizo la pili hufanana na hilo lakini si lilo. Kingo za picha hukatika: saa iliyo pembeni chini haionekani, na menyu ya juu imemezwa nusu. Hiyo ni tabia iliyorithiwa kutoka televisheni za zamani zenye kichogo, ambazo zilikuza picha kidogo ili kuficha kingo zisizo nadhifu, na televisheni nyingi za leo bado hufanya hivyo bila ya kuombwa. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya televisheni, tafuta ukubwa wa picha, uchague ule ambao haukuzi. Kwa LG huandikwa "Just Scan", kwa Samsung "Screen Fit" au maneno ya karibu na hayo. Projekta za zamani zenye pikseli 1024 kwa 768 zina shida yao ya umbo: ni za mraba-mraba, na laptopu ya leo ni pana, hivyo mistari myeusi juu na chini si hitilafu.

Dhana: kebo ghali hutoa picha nzuri zaidi

HDMI ni ya kidijitali, na data ikifika salama picha ni ileile, iwe kebo imegharimu shilingi mia tano au elfu tano. Data isipofika salama utaona vidoa vinavyometameta, picha itakatika kwa sekunde moja mbili, au hutaona kitu. Kinachohesabika ni daraja la kebo na urefu wake. Kwa picha ya 1080, kebo nzuri ya mita 10 kwa kawaida hutosha. Kwa 4K, yaani picha yenye pikseli mara nne ya hizo, ya mara 60 kwa sekunde, waya wa kawaida wa shaba huanza kuyumba baada ya mita 5 hivi, na panapohitajika zaidi ya hapo hutumika kebo yenye kikuza mawimbi au ya nyuzi za kioo.

Kuhusu plagi zilizopakwa dhahabu, wauzaji husema huongeza ung'avu wa rangi, na hilo si kweli. Hata hivyo singemcheka anayezinunua Lamu, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu, na sisi tunaishi ndani ya hewa ya chumvi. Chukua plagi iliyokaa karibu na dirisha la upande wa bahari kwa msimu mzima wa kusi, uimulike kwa tochi ya simu: ndani kuna vijimguso 19 vyembamba, na mara nyingine utaona kijani kibichi kimeanza kwenye baadhi yao. Kutu ikigusa vile viwili vinavyopitisha maelezo ya EDID, kompyuta huenda isiitambue televisheni kabisa, au ikaitambua kama skrini ya kipimo cha chini, na mtu atalaumu programu bure. Kifuniko cha plastiki na kuihifadhi kebo kwenye mfuko uliofungwa ni kinga rahisi kuliko dhahabu.

Dhana: kuakisi bila waya kunakula bando

Inategemea njia inayotumika. Miracast, iliyotolewa na Wi-Fi Alliance mwaka 2012, huunganisha kompyuta na televisheni moja kwa moja, bila ya ruta na bila ya intaneti. Kwenye Windows hufunguliwa kwa kitufe cha Windows pamoja na K. Bando haliguswi, labda kile unachokionyesha chenyewe kiwe kinatoka mtandaoni. Kompyuta za Mac hazina Miracast na hutumia AirPlay. Chromecast ya Google, ya mwaka 2013, kwa kawaida hutaka vifaa vyote viwe kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi, na ndiyo sababu hushindwa katika nyumba za wageni ambazo ruta imewekwa kuwazuia wageni wasionane, jambo ambalo ni la busara kwa usalama wao.

Lakini nyumba za mawe za mji wetu wa kale hazikujengwa kwa ajili ya Wi-Fi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita hunyonya mawimbi, na yale ya 5 GHz hudhoofika upesi kuliko ya 2.4 GHz. Laptopu ikiwa kiwandani, yaani uani, na televisheni ikiwa ndani, picha itasitasita. Viweke chumba kimoja, au tumia kebo. Hata vikiwa pamoja, picha isiyo na waya hufika ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo haifai kwa michezo ya kompyuta.

Mengine ni mafupi. Sauti kubaki kwenye laptopu si hitilafu. Bonyeza alama ya spika na uchague televisheni. Skrini kuwa nyeusi wakati wa filamu au mpira wa kulipia, huku mengine yote yakionekana, aghalabu ni HDCP, kinga dhidi ya kunakili, inayokataa kifaa isichokiamini kilichopo njiani. Kuakisi hakuichoshi laptopu kiasi cha kuiharibu. Mtekenyo unaousikia ukigusa chuma cha plagi ni umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye chaja isiyo na waya wa ardhi. Tumia chaja yenye waya wa ardhi kwenye soketi yenye ardhi.

Dhana: watu wanaona slaidi tu

Wanaona kila kitu. Windows na macOS hujaribu kuzuia arifa zisitokee wakati skrini inaakisiwa, lakini haziwezi kuzuia jina la mtu kwenye kichwa cha ukurasa wa WhatsApp ulioachwa wazi, wala picha ndogondogo zinazojitokeza folda inapofunguliwa. Mpiga picha aliyehifadhi kwenye laptopu ileile picha za bibi harusi zilizopigwa kwenye shughuli ya wanawake peke yao, kisha akaitumia kwenye mkutano wa wanaume, anabeba amana nzito. Kutandaza ndiko kunakomfaa: slaidi hukaa kwenye televisheni, na folda, ujumbe na maelezo ya msemaji hubaki kwenye skrini yake mwenyewe, ili mradi asiburute dirisha kupita ukingo. Na kabla ya kuchomeka kebo, picha hizo zihamishiwe kwenye diski ya nje ibaki nyumbani.