Motokaa, Matope na Reli: Dhana Potofu kuhusu Familia za Kwanza Kuvuka Marekani kwa Gari

Tarehe 24 Aprili 1908, Jacob Murdock, mfanyabiashara wa mbao kutoka Johnstown katika jimbo la Pennsylvania, aliondoka kusini mwa California pamoja na mkewe Anna na watoto wao watatu, wakiwa ndani ya gari la wazi aina ya Packard. Tarehe 26 Mei waliingia New York, baada ya mwendo wa karibu kilomita 6,000 na siku 32 ambazo ndani yake zimo Jumapili walizopumzika. Hao ndio wanaotajwa kuwa familia ya kwanza kuvuka Marekani kwa motokaa kutoka bahari moja hadi nyingine.

Safari za namna hiyo zimesimuliwa mara nyingi, na picha moja imezoeleka: baba ameshika usukani, mama ameshika kofia isipeperuke, watoto wamebanana na mizigo nyuma, na mbele yao imetanda nyika isiyo na mtu wala msaada. Picha hiyo si ya uongo mtupu. Tatizo lake kubwa ni kile kilichoachwa nje, na kilichoachwa nje zaidi ya vyote ni reli.

Dhana: Walisafiri peke yao, wakitegemea ujasiri na akili yao

Akina Murdock hawakuwa peke yao hata ndani ya gari lenyewe. Walikuwa na fundi wao, na kwa sehemu ngumu zaidi, kutoka California hadi Ogden katika Utah, waliongozwa na Lester Whitman, mtu aliyekuwa amekwisha kuvuka bara hilo kwa magari tofauti tangu mwaka 1903 na aliyeijua njia kupita jangwani. Watu wenye busara hufanya hivyo, wala hakuna aibu. Lakini msimulizi akimwondoa fundi na kiongozi ili baba wa familia abaki shujaa pekee, msomaji haelewi tena kwa nini safari ilifanikiwa.

Reli nayo ilikuwa inatangulia kila mahali. Njia ya kwanza ya reli kuvuka Marekani ilikamilika mwaka 1869, karibu miaka 40 kabla ya safari hii, na kando yake ilizaliwa miji, maduka, hoteli na ofisi za simu za maandishi (telegrafu). Madereva wa mwanzo waliifuata kwa makusudi. Horatio Nelson Jackson, daktari aliyekuwa wa kwanza kuvuka nchi hiyo kwa gari mwaka 1903, akitumia siku 63 kutoka San Francisco hadi New York, alilazimika zaidi ya mara moja kukaa mjini akisubiri vipuri viletwe kwa treni kutoka kiwandani. Wengine walifikia kuvuka mito kwa kupitisha gari juu ya madaraja ya reli, magurudumu yakigonga taruma baada ya taruma, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna treni inayokuja. Na mwaka 1915 Emily Post, ambaye baadaye alijulikana kwa kitabu chake cha adabu, alipokwenda California akiendeshwa na mwanawe, gari lao lilipakiwa kwenye behewa huko Arizona na kusafirishwa kwa treni sehemu iliyobaki ya jangwa, kwa sababu tumbo lake lilikuwa chini mno kwa njia za huko.

Ili kuona uzito wa jambo hili, inafaa kumtazama mtu mwingine wa wakati uleule. Paul Graetz, luteni wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari mwezi Agosti 1907 akielekea Swakopmund kwenye pwani ya Atlantiki, naye hakufika hadi Mei 1909. Akina Murdock walianza na kumaliza safari yao akiwa bado yuko katikati ya Afrika. Hakuwa dereva mzembe kuliko Whitman, wala gari lake halikuwa la kuchezea. Reli ya Kati ilikuwa imeishia Morogoro mwaka ule wa 1907, na kutoka hapo kwenda mbele, kwa mamia ya kilomita, hapakuwa na stesheni ya kupokelea tairi, chuma wala petroli.

Dhana: Hapakuwa na petroli njiani

Vituo vya petroli kama tunavyovijua vilikuwa bado havijaenea, hilo ni kweli, lakini petroli yenyewe ilikuwepo. Iliuzwa kwa madebe na mapipa kwenye maduka ya rejareja, maduka ya vyuma, maduka ya dawa na kwa wahunzi, kwa kuwa watu walikuwa wakiitumia kwa kusafishia nguo na kuwashia majiko kabla ya motokaa kuenea. Mwaka 1888 huko Ujerumani, Bertha Benz alipolichukua gari la mumewe, mvumbuzi Karl Benz, pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, na kwenda Pforzheim kumwona mama yake, umbali wa zaidi ya kilomita 100, alinunua mafuta kwenye duka la dawa la mji wa Wiesloch. Shida ya msafiri wa Marekani ilikuwa bei na usafi. Kadiri duka lilivyokuwa mbali na reli ndivyo galoni ilivyopanda bei, na mafuta hayo yalichanganyika na maji na uchafu, hivyo yalichujwa kwa kipande cha ngozi laini kabla ya kumiminwa kwenye tangi.

Dhana: Gari la bei nafuu la Ford ndilo lililoanzisha safari hizi

Ford Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908, miezi kadhaa baada ya akina Murdock kufika New York. Gari lao, Packard Thirty, liligharimu dola 4,200 wakati Model T ya kwanza iliuzwa kwa takriban dola 850. Kibarua wa kiwanda cha Ford mwaka 1913, kabla mshahara haujapandishwa hadi dola 5 kwa siku, alikuwa akipata dola 2.34. Angefanya kazi siku 300 kwa mwaka bila kula wala kulipa kodi ya nyumba, angehitaji karibu miaka sita kulipata Packard lile, kabla hajafikiria tairi za akiba, hoteli na mshahara wa fundi. Safari za mwanzo zilikuwa burudani ya matajiri au matangazo ya viwanda, na mara nyingine vyote viwili kwa pamoja.

Mchango wa Ford ulikuja baadaye, na ulikuwa mkubwa. Baada ya kiwanda chake cha Highland Park kuanza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea mwaka 1913, bei iliendelea kushuka hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920, na hapo ndipo mkulima na fundi bomba walipoweza kuwapakia watoto na kuondoka. Tukiwa bado kwa Ford, si kweli kwamba Model T zote zilikuwa nyeusi, kwani rangi hiyo pekee ilitawala kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 tu. Ni kweli, ingawa inasikika kama utani, kwamba baadhi ya madereva walipanda milima mikali kinyumenyume. Tangi lilikuwa chini ya kiti na petroli ilitiririka yenyewe kwenda kwenye injini bila pampu, kwa hiyo mlima ukiwa mkali na mafuta yakiwa kidogo, injini ilikosa mafuta mpaka gari ligeuzwe.

Dhana: Safari ilichukua wiki nyingi kwa sababu magari yalikuwa mabovu

Magari yaliharibika sana, hakuna anayebisha. Springi zilikatika, na pancha zilikuwa jambo la kila siku kiasi kwamba Alice Ramsey, mwanamke aliyeendesha gari kutoka New York hadi San Francisco mwaka 1909, alibadilisha tairi mara 11 katika safari yake na kuhesabiwa kuwa mwenye bahati. Hata hivyo Packard au Franklin ya mwaka 1908 ingeweza kwenda kilomita 70 kwa saa na zaidi ikipata pa kukanyaga, na kupata pa kukanyaga ndilo lililokuwa gumu.

Serikali ya Marekani ilipopima barabara za vijijini mwaka 1904 ilikuta zaidi ya kilomita milioni 3, na takriban asilimia 7 tu ndizo zilizokuwa zimewekewa kitu chochote juu, mara nyingi changarawe. Zilizobaki zilikuwa udongo mtupu. Mvua ikinyesha Iowa au Nebraska, udongo mweusi wa huko uligeuka gundi iliyojaza nafasi kati ya gurudumu na bodi, na msafiri hakuwa na la kufanya ila kungoja jua au kumwita mkulima mwenye farasi. Anayezijua barabara zetu za vumbi wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo maana sepeto, shoka, kamba, roda za kuvutia na turubai la kutandaza kwenye mchanga vilikuwa mizigo ya lazima kuliko nguo.

Kujua njia nako kulikuwa kazi. Vitabu vya kuelekeza madereva vilikuwepo tangu mwaka 1901, lakini vilishughulikia zaidi mashariki, na maelekezo yake yalitegemea alama kama nyumba, ghala au mti. Ramsey alisimulia jinsi alivyoitafuta nyumba ya manjano ya kumwonyesha pa kukunja, asijue kwamba mwenye nyumba alikuwa ameipaka rangi ya kijani ili kuwapoteza wenye magari. Huko magharibi alifuata nguzo za simu, na njia ikigawanyika alichagua upande wenye nyaya nyingi, kwa matumaini kwamba ndio uendao mjini.

Ushahidi mzito zaidi ulitolewa na jeshi. Mwaka 1919 msafara wa magari ya kijeshi uliondoka Washington tarehe 7 Julai na kufika San Francisco tarehe 6 Septemba. Ulikuwa na mafundi, askari na msaada wote wa serikali, na bado ulitumia siku 62, takriban mara mbili ya muda wa akina Murdock miaka 11 nyuma, ukivunja madaraja ya mbao njiani kwa uzito wake. Katika msafara huo alikuwemo ofisa kijana aitwaye Dwight Eisenhower, ambaye akiwa rais alitia saini sheria ya barabara kuu za taifa mwaka 1956.

Barabara zenyewe hazikuletwa na wenye magari peke yao, kama wengi wanavyodhani. Waliopiga kelele kwanza walikuwa waendesha baiskeli, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1880 na kuanza kudai barabara bora kabla motokaa haijajulikana Marekani. Hata Lincoln Highway, iliyotangazwa mwaka 1913 kutoka New York hadi San Francisco kwa juhudi za mfanyabiashara Carl Fisher na wenzake, ilikuwa kwa miaka mingi mstari kwenye ramani kuliko barabara. Waanzilishi wake walijenga vipande vya zege vya maili moja moja, cha kwanza kikiwa karibu na Malta, Illinois, mwaka 1914, ili raia waonje utamu na kudai zaidi. Fedha za maana za serikali kuu zilikuja na sheria za mwaka 1916 na 1921.

Dhana: Wanawake walikuwa abiria tu

Bertha Benz amekwisha tajwa. Njiani alizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia, na breki za mbao zilipolika akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Alice Ramsey, mama wa mtoto mmoja, aliondoka New York tarehe 9 Juni 1909 na kufika San Francisco tarehe 7 Agosti akiwa na wanawake watatu, wawili kati yao mawifi zake, na katika wote wanne yeye peke yake ndiye aliyejua kuendesha. Inafaa kuongeza kwamba gharama zilibebwa na kampuni ya Maxwell, iliyotaka umma uone kwamba gari lake halihitaji misuli ya mwanamume. Biashara ya tangazo haipunguzi chochote katika kazi ya kuzungusha hendeli ya kuwashia injini na kubadilisha tairi kwenye tope.

Dhana: Familia zililala porini kwa sababu hapakuwa na pengine, na kila familia ingeweza kwenda ilikotaka

Wasafiri matajiri wa mwanzo walilala hotelini kila walipoweza, kwenye miji ya reli, na waliwasha moto porini pale tu gari lilipokwama. Kupiga kambi kwa hiari kulistawi baadaye, miaka ya 1910 na 1920, kwa sababu Model T ilileta barabarani watu wasiomudu hoteli, na pia kwa sababu mtu aliyejaa vumbi na grisi hakujisikia vizuri kupita mbele ya mapokezi yenye mazulia. Miji mingi ilifungua viwanja vya bure vyenye maji na vyoo, ikitumaini kwamba wageni wangenunua vitu madukani. Walipoanza kuja pia watu maskini waliotafuta kazi, wakikaa wiki nzima bila kununua kitu, miji ikaweka ada ya senti 25 au 50 kwa usiku, hasa kwa ajili ya kuwazuia hao. Palipokuwa na ada palijengwa vibanda, na mwaka 1925 ikafunguliwa San Luis Obispo, California, nyumba ya wageni ya kwanza kutumia jina la moteli.

Kwa familia za Wamarekani weusi mambo yalikuwa mengine kabisa. Kwao gari lilikuwa ukombozi kutoka mabehewa ya kibaguzi ya kusini, lakini lilipofika jioni hoteli na vibanda vilevile viliwafungia milango, na miji kadhaa haikuwataka ndani ya mipaka yake baada ya jua kuzama. Waliokuwa na uwezo walibeba chakula, maji, mablanketi na hata petroli ya akiba, wakalala kwa ndugu na waumini wenzao kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mwaka 1936 Victor Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, mtaa wa New York, alianza kuchapisha mwongozo wa kuwaonyesha mahali ambapo wangepokelewa, nao uliendelea kutolewa hadi miaka ya 1960, wakati Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipokataza hoteli kumkataa mgeni kwa rangi yake.