Mafua ya kiangazi, dagaa wanaowasha, na chupa ya kusafisha damu

Kila kiangazi napiga chafya mpaka machozi yananitoka. Hapa Mwanga kuna mtu anauza dawa ya kusafisha damu ili mwili ujirekebishe wenyewe. Ninunue?

Hela yako baki nayo. Mwili hausubiri chupa ndipo ujisafishe: figo huchuja lita 180 hivi kila siku, karibu zote zinarudi kwenye damu, wewe unakojoa lita moja au mbili tu. Jua la Kigoma likiwaka unatoka jasho, baridi ya ziwani ikikupiga unatetemeka, na ndani joto linabaki karibu nyuzi 37. Huko ndiko kujirekebisha.

Mzio, au aleji kama wengi wanavyosema, ni kinga iliyokosea mtu. Vumbi la nyumbani au chavua ya nyasi haviui, lakini kinga inavipigia kelele za mwizi. Seli za puani na machoni zinamwaga kemikali iitwayo histamini, na hapo ndipo kamasi, muwasho na machozi vinapoanza.

Kwa hiyo nikae tu?

Hapana, upunguzie mwili mzigo. Anza na kitanda, maana ndani ya godoro na mto kuna utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi yetu. Fua shuka kwa maji ya moto kila wiki, godoro lipate jua. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu. Moshi wa kuni na sigara usiingie mnakolala. Usingizi nao ni tiba: anayekesha na mwenye mawazo mengi huwashwa na kubanwa kifua zaidi. Mzio hautaisha kwa hayo, ila utatulia, na vidonge vya mzio kama setrizini vitafanya kazi vizuri zaidi.

Wiki iliyopita nimekula dagaa, uso ukawaka na mwili ukawasha. Juzi nimekula wengine, salama. Nina mzio wa dagaa?

Swali zuri, na kwetu watu wa dagaa lina uzito. Kwanza waulize mliokula sahani moja. Kama nao waliwashwa, mwenye kosa huenda ni dagaa, si kinga yako. Samaki akikaa kwenye joto muda mrefu kabla ya kukauka au kuingia barafuni, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake, ileile inayomwagwa na mwili wenye mzio. Kukaanga hakuiondoi, hata mawese yachemke vipi. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja, na mara nyingi huisha siku hiyohiyo.

Mzio wa kweli hukurudia karibu kila ulapo samaki huyo, hata kipande kidogo. Mimi hununua waliokauka upesi juu ya chanja. Walioloweshwa na mvua mchangani nawaacha hapohapo. Hata hivyo jicho na pua havigundui histamini kila mara.

Mjukuu wangu ana ukurutu. Nimemkataza samaki, mayai na maziwa, lakini bado anajikuna.

Shikamoo bibi. Mrudishie chakula chake, isipokuwa kile ambacho akila tu anavimba, anatapika au anabanwa pumzi; hicho subiri apimwe. Ukurutu wa watoto wengi hautokani na chakula, na mtoto aliyenyimwa vyote hivyo anaweza kupata utapiamlo. Mwogeshe haraka kwa maji ya vuguvugu, kisha ngozi ikiwa bado na unyevu mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mara mbili kwa siku.

Je, pampu ya kutuliza pumu inazoeza mapafu mpaka yasiweze bila hiyo?

Hapana. Ukiihitaji mara kwa mara, pumu haijadhibitiwa. Rudi kliniki uongezewe dawa ya kuzuia.

Ni wakati gani niende hospitali bila kungoja kukuche?

Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikauka ghafla, pumzi ikikata, au mtu akilegea baada ya kula, kumeza dawa au kuumwa na nyuki. Mlaze, miguu juu. Anayeshindwa kupumua akae. Tafuta bodaboda baada ya gari kukosekana, si kabla, kwa sababu mgonjwa wa namna hii anaweza kuzimia njiani.