Kuhamisha matairi ya gari dogo: usingoje mpaka jicho lione

Mwezi uliopita ililetwa gerejini kwangu, hapa Dar es Salaam, Vitz ya mwaka 2007 ambayo mwenyewe huitumia kubebea abiria kuanzia alfajiri hadi usiku. Ombi lake lilikuwa fupi: "Fundi, nihamishie tairi, za mbele zimeanza kuisha." Nilichukua kipimo cha kina nikapima mifereji mmoja baada ya mwingine. Matairi ya nyuma yalikuwa na milimita sita na nusu, ya mbele yalikuwa na nne upande wa nje, na upande wa ndani, ambako dereva haoni mpaka achutame na kukunja usukani wote, zilibaki mbili tu. Nikamwambia, "Kaka, hapa umechelewa," na kazi hiyo sikuifanya. Alishangaa kidogo, kwa kuwa alidhani kuhamisha matairi, yaani ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kuja mbele, ni dawa ya tairi lililokwisha, hali shughuli yenyewe ina maana pale tu ambapo matairi yote manne bado yanakaribiana.

Vitz, IST, Passo, Demio, Fit na nyingi za jamii hiyo husukumwa na magurudumu ya mbele. Injini na giaboksi zimekaa juu ya magurudumu hayohayo, ndiyo yanayokata kona, na gari linapofunga breki uzito wake huelemea mbele, hivyo sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari huangukia huko. Matairi ya nyuma hufuata tu. Kwa mwendo wa mjini, wenye matuta, mizunguko na foleni, tairi la mbele hulika haraka zaidi kuliko la nyuma, hasa kwenye mabega yake, na tofauti hiyo huongezeka kila siku bila dereva kuihisi.

Kwa sababu hiyo, kipindi ninachowapa wateja wangu ni kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Anayemwaga oili ya injini kila kilomita 5,000 hana haja ya kukumbuka hesabu nyingine: mara moja ya oili apite, mara ya pili ahamishe na matairi. Wapo wanaosoma katika maandishi ya Kimarekani kwamba ni kila 5,000 wakadhani ni kilomita, kumbe ni maili, ambazo ni sawa na kilomita 8,000. Matairi mapya kabisa ndiyo yasicheleweshwe kuliko yote, kwa kuwa tairi jipya lina milimita nane hivi za kina, kashata zake, yale matofali ya mpira yaliyo kati ya mifereji, bado ni ndefu na laini, na ulaji usio sawa huanza kujichora mapema. Ukihamisha wakati tofauti kati ya mbele na nyuma ni milimita moja au moja na nusu, yote manne yatafika mwisho karibu wakati mmoja.

Ukichelewa kama mwenye ile Vitz, kuhamisha kunageuka hatari, kwani matairi yaliyochoka yatakwenda nyuma. Madereva wengi huamini kwamba tairi zuri likae mbele, kwenye usukani, na ninaelewa wanavyofikiri, ila barabara yenye maji inasema vingine. Mbele ikiteleza, usukani unakuwa mwepesi mkononi, dereva anaachia mafuta na gari linarudi taratibu. Nyuma ikiteleza kwenye kona, gari linageuka lenyewe kabla dereva wa kawaida hajajua afanye nini. Kwa hiyo nilimshauri apime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikila upande wa ndani, kisha anunue matairi mawili mapya ya saizi yake, 165/70R14, yakae nyuma, na yale ya milimita sita na nusu yaje mbele. Mwanzo alikataa. Nilimwonyesha vile vinundu vidogo vilivyo chini ya mfereji, ambavyo kashata ikishuka hadi usawa wake tairi limebakiwa na milimita 1.6, akaona ni kipande kidogo tu kilichobaki.

Kabla ya kufungua nati yoyote, hupitisha kiganja juu ya uso wa kila tairi, kwenda mbele na kurudi nyuma. Kiganja hugundua kile kinachomshinda hata mwenye macho makali. Kiganja kikipita laini kikienda na kukwaruzwa kikirudi kama kwenye meno ya msumeno, tairi limeanza kulika kwa hatua, jambo la kawaida kwa matairi ya nyuma ya magari haya, na baadaye hutoa mvumo ambao watu huja wakidai wabadilishiwe beringi. Ukilihamishia mbele mapema, kazi ya kuvuta na kukata kona hulisawazisha polepole. Mabega yote mawili yakilika ni upepo mdogo, katikati ikilika ni upepo mwingi, na mabonde-mabonde hunipeleka moja kwa moja kwenye shokapu. Kasoro hizi zirekebishwe kwanza, la sivyo utakuwa unalihamisha tatizo kutoka tairi moja hadi jingine.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Kwa gari linalovutwa na mbele, matairi ya mbele hurudi nyuma upande uleule, na ya nyuma huja mbele kwa kupishana: la kushoto huja kulia, la kulia huja kushoto. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo hufanyiwa kinyume: ya nyuma huja mbele moja kwa moja, ya mbele ndiyo yanayopishana. Mafundi wa zamani huonya kwamba tairi lisibadilishwe upande kamwe, onyo lililobaki tangu matairi ya radial, yenye ile herufi R kwenye saizi, yalipokuwa mageni. Ya leo hayadhuriki. Isipokuwa tairi lenye mshale ubavuni: hilo hubaki upande wake, likienda mbele na nyuma tu, kwa kuwa mifereji yake imechorwa ili isukume maji ikizunguka uelekeo mmoja. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kuyapishanisha ya aina hiyo, na mwalimu wangu alinifanya niyafungue yote manne peke yangu, juani.

Mwenye jeki moja anaweza kuifanya kazi hii nyumbani kwa msaada wa tairi la akiba, mahali pa sakafu ngumu na tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamewekewa mawe, na nati zikilegezwa kabla gurudumu halijainuka. Toa la nyuma kushoto, uweke la akiba. Hilo ulilolitoa lifunge mbele kulia. La mbele kulia lipeleke nyuma kulia, la nyuma kulia lipeleke mbele kushoto, na la mbele kushoto lirudi nyuma kushoto, mahali pa la akiba. Utainua gari mara tano, na hakuna wakati ambapo magurudumu mawili yatakuwa hewani. Lile la akiba jembamba lenye maandishi ya kilomita 80 kwa saa lisiingizwe katika mzunguko, na kwa vile liko wazi, lipime upepo: hutakiwa kuwa na 60 za kipimo cha mtaani (psi), na mengi ninayoyakuta hayafikii hata 20.

Sugua kutu kwenye uso wa habu, pale rimu inapokalia, kwa brashi ya waya kabla ya kurudisha rimu, kwa kuwa chembe zikibanwa pale zitalegeza nati baadaye. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa mtindo wa msalaba, kisha kwa spana ya kupimia nguvu. Toyota nyingi za ukubwa huu hutaka Nyutoni-mita 103, sawa na kuning'iniza kilo 42 kwenye spana ya sentimita 25. Mtu mzima anayesimama juu ya spana iliyorefushwa kwa bomba anapita kiasi hicho karibu mara tatu, na boliti huvutika bila kuonyesha dalili yoyote, mpaka siku inapokatika.

Mwisho weka upepo kwa kufuata stika ya mlangoni, si kwa kukisia, kwa sababu baadhi ya magari hutaka mbele na nyuma vitofautiane, na tairi limekuja na upepo wa kule lilikotoka. Stika za Kijapani huandika kPa (kilopaskali). 220 ni kama 32 za kipimo cha mtaani. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, zipitie nati zote tena kwa spana, gari likiwa limesimama chini.