Una PCOS na uzito umegoma kushuka? Anza kukagua hapa

Kilo 6 au 7 za mwanzo huwa zinashuka bila shida kubwa. Soda imeachwa, maandazi ya asubuhi yamepungua, jioni kuna matembezi. Ukifika mwezi wa nne au wa tano, mizani inasimama palepale, na jambo la kwanza mtu kuambiwa ni kwamba homoni zimekataa. Hilo ni kweli nusu.

PCOS ni mvurugiko wa homoni unaojionyesha kwa hedhi zisizo na mpangilio, chunusi au nywele kidevuni, na mara nyingi vifuko vidogo vingi kwenye ovari. Kwa wengi wenye tatizo hili insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, haifanyi kazi sawasawa, hivyo kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Insulini ikizidi huisukuma ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo maana kuongezeka uzito ni rahisi na kupungua kunachosha. Lakini uzito uliokuwa unashuka ukasimama, sababu ya kwanza kuichunguza ni ileile inayowakuta hata wasio na PCOS: mwili mdogo unatumia nguvu kidogo. Kwa makadirio, kila kilo moja unayopunguza hushusha mahitaji yako kwa kalori 20 hadi 25 kwa siku. Aliyetoka kilo 90 hadi 83 sasa anahitaji pungufu ya kalori 150 hivi kila siku. Hicho ni kiasi cha korosho 18 hadi 20 zilizokaangwa, na hapa kwetu Mtwara na Lindi mtu humaliza hizo akiwa anapiga soga barazani. Sahani iliyokupunguza Januari, Juni inakutosha tu kubaki ulipo.

Kwanza hakikisha uzito kweli umesimama. Pima kwa mizani ileile, iliyowekwa juu ya sakafu ngumu na siyo mkekani, asubuhi baada ya haja ndogo na kabla ya kula. Pima mara tatu kwa wiki, uchukue wastani. Kabla ya hedhi mwili hushika maji, na kilo 1 au 2 zinaweza kupanda na kushuka bila mafuta kuguswa. Mwenye hedhi za kubahatisha hawezi kujua siku hizo ni zipi, kwa hiyo wiki mbili hazitoshi kutoa hukumu; subiri wiki 4. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi. Kwa mwanamke, kuanzia sentimeta 80 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda. Kiuno kikipungua huku kilo zikibaki palepale, usibadilishe kitu.

Kama vyote vimesimama, ingia jikoni, na uanze na nazi. Hatusemi iachwe, kumwambia mtu wa pwani aache nazi ni kupoteza muda wake na wetu. Shida ni kwamba sahani moja huwa na nazi mara tatu: wali wa nazi, samaki wa nazi, kisamvu cha nazi. Kikombe cha mililita 250 cha tui zito kina kalori kama 500. Chagua chungu kimoja tu kitiwe tui kwa mlo, na kwenye mboga tumia tui la pili. Samaki awe wa kuchoma au chukuchuku yenye ndimu na nyanya. Mafuta yapimwe kwa kijiko cha chakula, kwa sababu kijiko kimoja ni kalori 120 na chupa ikiinamishwa moja kwa moja sufuriani hutoa vitatu au vinne bila mtu kushtuka. Kwenye chai, vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa mara vikombe vitatu ni zaidi ya kalori 200 kwa siku. Dafu moja halina lawama kubwa. Uraka, yaani pombe ya mabibo, na bia zihesabiwe.

Ugali wa muhogo unahitaji maelezo yake. Gramu 100 za unga wa muhogo zina kalori zinazokaribiana na za unga wa mahindi, ila protini haifiki hata gramu 3, wakati mahindi yana 7 au zaidi. Ukila tonge kubwa na mchuzi mwepesi, njaa inarudi mapema na msuli unakosa chakula chake. Ugali usizidi ngumi yako, na kando yake kuwe na protini gramu 25 hadi 30: kipande cha samaki au pweza chenye ukubwa wa kiganja, au kikombe kimoja na nusu cha mbaazi au kunde zilizoiva pamoja na yai moja. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Hakuna mpango mmoja wa chakula uliothibitika kuwa bora kuliko mingine kwa PCOS, kwa hiyo anayekuuzia "mlo maalumu wa PCOS" anakuuzia jina.

Kosa linalofuata ni kubana kupita kiasi. Mtu anashinda na chai ya rangi, usiku anakula kwa mkupuo. Wanaofunga Ramadhani wanakutana na hali hiyohiyo wakifuturu kwa muhogo wa nazi, tambi na kalmati kwa pamoja. Futuru kwa tende 2 na maji, kisha ule chakula chenye samaki au maharage, na kitu kitamu kiwe kimoja. Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku bila usimamizi wa mtaalamu.

Kuhusu mazoezi, kutembea peke yake mwili huuzoea. Wakulima nao huwa na mtego wao: wakati wa palizi wanapungua, kazi ya shamba ikipoa wanaendelea kula kwa kipimo cha jembe. Lengo ni dakika 250 kwa wiki za mwendo wa haraka, na matembezi ya dakika 10 hadi 15 mara baada ya kula husaidia kushusha sukari ya damu. Ongeza mazoezi ya nguvu siku 2 zisizofuatana, kwa sababu msuli ndio mtumiaji mkubwa wa sukari hiyo. Kaa na kuinuka kwenye stuli mara 10, sukuma ukuta mara 10, nyanyua ndoo yenye lita 10 za maji kutoka chini hadi kiunoni mara 10, mgongo ukiwa umenyooka. Rudia mizunguko 3, ukipumzika dakika 1 au 2. Ukiweza mara 12 bila kuhema, ongeza maji.

Usingizi usiofika saa 7 kwa usiku huongeza njaa. Ukikoroma sana na kuamka umechoka, mweleze daktari, maana kubanwa kwa pumzi usingizini huwapata zaidi wenye PCOS.

Upande wa dawa, metformin husaidia insulini kufanya kazi, lakini haipunguzi uzito mwingi. Iliyokuletea kuharisha huenda ilianzishwa kwa dozi kubwa au kunywewa tumbo tupu; rudi irekebishwe, usiiache kimyakimya. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Lupu ya shaba haina homoni. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo huzuia uzito kushuka, na inajulikana kwa kipimo cha damu. Majani na vidonge vya "kukata tumbo" vinavyouzwa mitaani vingi huharisha tu: yanatoka maji, mafuta yanabaki.

Ikumbukwe kwamba kupungua asilimia 5 tu ya uzito, yaani kilo 4.5 kwa mwenye 90, kunaweza kurudisha upevushaji wa yai. Asiyetaka mimba asijiamini kwa sababu ya miaka aliyokaa bila kushika.

Nenda kituo cha afya ukikaa siku 90 bila hedhi na huna mimba, kwani ukuta wa kizazi hunenepa na ukiachwa muda mrefu unaweza kuleta saratani. Nenda pia ukipata kiu na kukojoa sana, au kama uzito haujasogea baada ya wiki 8 za marekebisho haya. Kwa rufaa kuna hospitali ya Ligula kwa Mtwara na ya Sokoine kwa Lindi. Beba daftari la tarehe za hedhi, uzito na kiuno, orodha ya ulivyokula siku 3 mfululizo, mojawapo iwe siku ya shughuli, na maganda ya dawa zote unazotumia, hata za kienyeji.