Matundu ya tufe kwa mkono wenye mizunguko mingi: maneno ya ukumbini na ukweli wake

Mchezaji wa bolingi mwenye mkono wa mizunguko mingi, yaani anayelizungusha tufe sana anapoliachia, hakosi washauri. Tufe lake likipita ukingoni mwa mtaro, likakata kona na kuingia kati ya pini ya 1 na ya 3, kabla hajarudi kukaa ameshaambiwa tufe lijalo alitoboe vipi. Kitone kiwe mbali. Uzito usogezwe kulia. Atafute mpangilio kama wa yule bingwa anayerusha kwa mikono miwili. Baadhi ya ushauri huo una chembe ya ukweli ndani yake, mwingine ulipitwa na wakati tangu sheria zibadilike, na mwingine haukuwahi kuwa na maana yoyote.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu vyenyewe. Tufe la kisasa lina ganda kwa nje na kiini kizito kwa ndani, na kiini hicho si duara: kina kichwa na kina kitako. Mahali kilele chake kilipoelekea panawekwa kitone cha rangi juu ya ganda. Mchezaji naye ana alama yake, ambayo mafundi wa Marekani wanaiita PAP: ncha ya mhimili, yaani pale kwenye ganda mhimili wa mzunguko unapotokea tufe linapoachana na mkono. Kupanga matundu ni kuamua kiini kilale vipi kutoka kwenye ncha hiyo. Vidole vyako vina vipimo vyake na havibadiliki. Kinachogeuzwa chini yake ni kiini.

"Una mizunguko mingi, basi chukua mpangilio dhaifu."

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu matufe mengi mapya. Hoja yake inaonekana safi: mkono wako tayari unalikunja tufe sana, kwa nini kiini kiongeze? Tatizo ni kwamba mizunguko peke yake haisemi kitu mpaka uiweke kando ya mwendo.

Pima mwenyewe, huhitaji mashine. Bandika kipande cha utepe mweupe kwenye tufe, mwenzako akurekodi kwa simu kwa mwendo wa picha 240 kwa sekunde, kisha hesabu picha zinazopita utepe unapomaliza mzunguko mmoja mara tu baada ya kuachia. Gawanya 14,400 kwa idadi hiyo. Picha 32 ni mizunguko 450 kwa dakika, picha 48 ni 300. Halafu pima muda kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza, futi 60, yaani mita 18.29. Sekunde 2.1 ni wastani wa kilomita 31 hivi kwa saa, sekunde 2.6 ni kama 25.

Sasa chukua wachezaji wawili, wote wana 450. Wa kwanza anatumia sekunde 2.1. Tufe lake linateleza juu ya mafuta yanayopakwa kwenye leni kwa kasi hivi kwamba linafika kwenye pini bado linatafuta mshiko. Mizunguko yake na mwendo wake vinakaribia kulingana. Ukimpa mpangilio dhaifu kwa sababu tu amesifiwa mkono, utamwona anasogea kulia wiki baada ya wiki akitafuta sehemu kavu. Wa pili anatumia sekunde 2.6. Huyu ndiye kweli mizunguko imemzidi mwendo. Tufe lake linashika mapema, linamaliza kujipinda kabla ya pini na kuingia likiwa limechoka.

Utamjua kwa pini ya 10, ile ya kona ya nyuma kulia. Kwa mtu wa mkono wa kulia, tufe lililochoka linapiga mahali panapoonekana sahihi kabisa, lakini pini ya 6 inaanguka kinyonge na kulala mtaroni mbele ya pini ya 10, ambayo inabaki imesimama wima. Tufe lenye nguvu nalo linaweza kuiacha pini ya 10, ila hapo pini ya 6 huruka, ikagonga ukuta wa pembeni na kuizunguka. Ukutani au mtaroni: hapo unapata habari nyingi kuliko kwenye ubao wa matokeo.

Kuna vipimo vingine viwili ambavyo watu huviruka: mwinamo wa mhimili (umeinuka kiasi gani) na pembe ya mzunguko (umegeuzwa pembeni kiasi gani). Tufe linaloachwa na mwinamo mkubwa linazunguka kama pia, linachelewa kusimama kwenye mwendo wa kuviringika. Mwinamo ukiwa mdogo, linabadilika upesi. Wengi wanaorusha kwa mikono miwili wana mwinamo mdogo, kwa hiyo mizunguko 450 yenye mwinamo mdogo na 450 yenye mwinamo mkubwa ni wateja wawili tofauti kwa fundi, hata kama mwendo wao ni sawasawa.

"Kitone juu ya vidole tufe linakwenda mbali, chini ya vidole linaviringika mapema."

Nusu kweli. Nusu hiyo inafaa kuelezwa, maana ndiyo lugha inayotumika kaunta.

Mo Pinel, mbunifu wa viini wa Marekani aliyefariki mwaka 2021, alieneza njia ya kuandika mpangilio kwa namba tatu: pembe ya kutobolea (kwenye kitone, kati ya mstari wa kwenda kwenye ncha ya mhimili na ule wa kwenda upande mzito wa kiini), umbali wa kitone hadi ncha ya mhimili, na pembe kati ya mstari wa kitone na ncha na mstari wima unaopita kwenye ncha ya mhimili. Mtu akikuandikia 70 × 5 × 45, hizo ni nyuzi 70, inchi 5, nyuzi 45. Pembe ya kwanza ikiwa kubwa, tufe linachelewa kuanza kuviringika. Ina nguvu hasa kwenye matufe ambayo viini vyake havilingani pande zote. Pembe ya mwisho ikiwa ndogo, tufe linageuka kwa ghafla likikuta sehemu kavu; ikiwa kubwa, linageuka polepole na kwa mkunjo mrefu.

Pembe hiyo ya mwisho ikiwa ndogo, kwa kawaida kitone hupanda juu ya vidole. Ndiyo maana msemo wa kaunta unaonekana kufanya kazi. Lakini weka watu wawili: mmoja ncha yake ya mhimili iko inchi 5 kutoka katikati ya mshiko, mwingine inchi 4 na imeshuka kidogo. Wachoree kitone mahali palepale juu ya vidole. Umewapa mipangilio miwili tofauti, na ukiwauliza wote watakwambia wana "kitone juu".

Kwa mkono wa mizunguko mingi na mwinamo mdogo, kitone juu ndicho kinachopendwa na ndicho kinachosumbua. Kwenye mafuta tufe linateleza moja kwa moja. Likikosea ubao mmoja au mbao mbili za leni kuelekea kukavu, linaruka kona. Mtu analaumu leni. Pembe kubwa kidogo ya mwisho ingempa tufe lisilovutia sana kulitazama, ila linalorudi palepale.

"Mistari ya mafuta ikitawanyika zaidi, tufe linapiga zaidi."

Tufe likirudi kwenye rafu, litazame kabla ya kulifuta. Utaona duara za mafuta zilizoachana kidogo kidogo na kukutana sehemu mbili. Kila duara ni mzunguko mmoja, na kuachana kwake kunamaanisha ganda kavu linagusa leni kila mara badala ya sehemu iliyokwishalowa. Mzingo wa tufe ni takriban inchi 27, hivyo umbali mrefu kabisa kati ya kitone na ncha ya mhimili unaozingatiwa ni robo yake, inchi 6 na 3/4. Kutawanyika kunakuwa kukubwa kitone kikiwa karibu na nusu ya hapo, inchi 3 na 3/8, na kunapungua ukisogea upande wowote: kitone kikikaa juu ya ncha yenyewe, duara zinapandana.

Mkono wa mizunguko mingi unatawanya mistari zaidi hata kwa kiini kilekile. Mistari ikishaachana vya kutosha ili kila mzunguko upate ganda kavu, nafasi ya ziada haiongezi mshiko wa maana. Inachoweza kuongeza ni kelele: duara za mwisho zikipita juu ya tundu la kidole utasikia tufe linagonga tak, tak, tak likikaribia pini, na kila mgongano huo ni mahali ganda halikugusa mbao vizuri. Kwa hiyo mafundi wengi wanapomhudumia mtu aliyezidiwa na mizunguko huanzia inchi 4 na nusu hadi 5 kutoka kwenye ncha, na kutoka hapo wanasogea kwa kutazama mistari.

"Sogeza kitovu cha uzito, au toboa tundu la ziada."

Hapa nitakuwa mfupi. Kitovu cha uzito kinaonekana kwa alama ndogo kwenye ganda, na kwa miaka mingi watu walikihamisha kushoto na kulia wakiamini ndicho kinacholivuta tufe. Mvuto wake kwenye mwendo ni mdogo mno; kinachofanya kazi ni umbo la kiini na jinsi kilivyolala. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2020, USBC, shirikisho la bolingi la Marekani, lilipandisha kikomo cha tofauti ya uzito kati ya pande hadi wakia 3 kwa matufe yanayozidi ratili 10, na siku hiyohiyo likapiga marufuku tundu la kusawazishia. Kila tundu sasa lazima litumike kushikia wakati wa kurusha. Fundi akikuahidi kuongeza nguvu ya tufe kwa tundu la pembeni, anazungumzia mchezo wa zamani.

"Mpangilio ndio roho ya tufe."

Ungeuliza mafundi waliozeeka kazini, wangekuuliza wewe kwanza ganda limepigwa msasa wa namba ngapi (namba ikiwa kubwa, ganda ni laini zaidi). Utafiti wa USBC kuhusu mwendo wa tufe, uliofanywa kwa mashine ya kurushia ili mkono wa mtu usiingilie, uliweka ukwaru wa ganda mbele ya mambo yote mengine. Mpangilio unachonga umbo la kona. Ganda ndilo linaloamua kama kona itakuwepo na itaanzia wapi.

Kwa mtu wa mizunguko mingi hili lina uzito wa pekee. Ganda lake linakwaruzana na leni mara nyingi zaidi katika mita zilezile 18, kwa hiyo msasa wa 1000 aliopiga mwanzo wa msimu unalainika mapema kuliko wa mwenzake. Tufe linaanza kuteleza, anadhani mpangilio umekosewa, anakimbilia kununua jingine. Kipande cha msasa na dakika chache kwenye mashine ya kuzungushia vingemrudishia lile alilolipenda. Kinyume chake pia kipo: tufe linaloshika mapema mno likipandishwa kutoka 1000 hadi 3000 linaongeza umbali bila kuchimba popote. Ila fanya kabla ya mashindano. Mchezo ukishaanza, sheria hairuhusu kulipiga msasa.

Nitaongeza la mshiko, ingawa si mpangilio hasa. Tundu la gumba likibana au likilegea, mtu anakaza mkono, gumba linachelewa kutoka, na mizunguko uliyoipima wiki iliyopita si ya leo. Namba tatu nzuri kwenye mshiko mbovu ni kazi bure.

"Nitobolee kama la Belmonte."

Jason Belmonte wa Australia ana mataji makubwa 15 ya ziara ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, rekodi, na amewafanya vijana wengi waanze kurusha kwa mikono miwili. Wazazi wake walikuwa na ukumbi wa bolingi mjini Orange, New South Wales, na alianza kulisukuma tufe kwa mikono miwili akiwa mtoto mdogo mno kulibeba kwa mmoja. Ncha yake ya mhimili ni ya mwili huo na miaka hiyo. Ukinakili mpangilio wake kwenye ncha yako, unanakili mchoro tu.

Kuna na jambo la gumba. Anayerusha bila gumba haruhusiwi kuwa na tundu la gumba, na tundu hilo ndilo kubwa kuliko yote, linakula kipande cha kiini au cha kijazo karibu nacho. Tufe lisilo nalo linabaki karibu zaidi na lilivyotoka kiwandani. Weka kitone palepale, toboa gumba kwenye moja na uliache jingine, na hayatajipinda sawa.

Na kama lako limeshatobolewa vibaya, halijafa. Matundu huzibwa kwa resini, ikakauka, tufe likapimwa na kutobolewa upya. Alama inabaki kwenye ganda lakini mwendo unaweza kubadilika kabisa. Kabla ya kulipia kazi hiyo, piga msasa namba tofauti, rusha kwenye leni yenye mafuta mapya, kisha itazame mistari. Mistari ikiwa bado inapita juu ya tundu la kidole, mpelekee fundi tufe hilohilo bila kulifuta, mafuta yake yakiwa juu, ili achukue kalamu na kuifuatisha duara ya kwanza.