Chakula cha paka cha kupika nyumbani: mnofu peke yake hautoshi

Bakuli la mnofu wa kuku uliochemshwa, paka atalilamba hadi chini. Mpe hivyo kila siku, na atashiba huku mifupa ikidhoofika na moyo ukilegea. Madhara hayaonekani wiki ya kwanza wala mwezi wa kwanza, na hapo ndipo wafugaji wenye upendo wa kweli kwa paka wao wanapokosea bila kujua.

Paka anayewinda hali mnofu tu. Humla panya na mifupa yake, moyo, ini na damu. Ukinunua mnofu, hayo mengine yamebaki nje, na kila kimoja lazima kirudishwe kwa kipimo.

Tuanze na kalsiamu, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika zaidi. Gramu 100 za nyama ya kuku zina takriban miligramu 11 tu za kalsiamu, lakini fosforasi ni zaidi ya 170. Paka anahitaji viwili hivi vikaribiane, kalsiamu ikizidi kidogo. Ikipungua kwenye damu, mwili huichota mifupani. Watoto wa paka huumia upesi: anachechemea, anakataa kuruka, analia akiguswa mgongoni, na mfupa unaweza kuvunjika kwa kushuka kitini tu.

Dawa yake iko kwenye maganda ya mayai. Yaoshe, yachemshe dakika 10, yakaushe kabisa kwenye oveni, kisha yasage hadi yawe laini kama unga wa ngano. Ukisugua unga huo kati ya vidole na bado unahisi chembe, saga tena, maana chembe kubwa hupita tumboni bila kuyeyuka vizuri. Gramu 5 hadi 6, yaani kijiko kimoja cha chai, zina takriban gramu 2 za kalsiamu, na hizo zinatosha kilo moja ya nyama isiyo na mifupa. Unga wa mifupa una fosforasi yake, kwa hiyo usiuweke kwa kipimo hichohicho.

Cha pili ni taurini, asidi ya amino ambayo mwili wa paka hutengeneza kidogo mno. Ikikosekana kwa miezi, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huharibika na msuli wa moyo hutanuka hadi ushindwe kusukuma damu. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wenye moyo wa namna hiyo walipata nafuu walipopewa taurini. Baadhi yao walikuwa wakila chakula cha kiwandani, na baada ya hapo viwanda viliongeza kiasi chake. Moyo ukiwahiwa hupona. Retina iliyokufa hairudi. Taurini iko kwa wingi zaidi kwenye moyo na nyama nyekundu ya paja kuliko kifuani, na huyeyukia kwenye maji ya kupikia. Anayemwaga mchuzi ameimwaga taurini.

Kwa kilo moja, pima mbichi kwenye mizani ya jikoni: gramu 800 za mapaja ya kuku yasiyo na mifupa, ngozi ikiachwa kiasi, gramu 100 za moyo, gramu 50 za ini, na yai moja. Ini lisizidi hapo. Paka hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, hivyo anaitegemea nyama, lakini ini jingi kwa muda mrefu hugandisha mifupa ya shingo hadi ashindwe kujilamba. Pika kwa moto mdogo na maji machache hadi katikati ya nyama ifike nyuzi 74, saga pamoja na mchuzi wote, uache upoe. Ndipo utie unga wa maganda, miligramu 2,000 za taurini na mchanganyiko wa vitamini na madini uliotengenezwa kwa chakula cha paka cha nyumbani. Vitamini B1 huharibiwa na joto, ndiyo maana tunasubiri.

Mchanganyiko huo si wa hiari. Zinki, manganisi, iodini, vitamini D na E havitimii kwa nyama hii pekee. Soma pakiti: kama tayari una kalsiamu na taurini, acha za kwako. Mwaka 2019 chuo hichohicho kilichapisha uchambuzi wa mapishi ya paka yaliyokusanywa kutoka vitabuni na mtandaoni. Kati ya 94 yaliyoweza kuchambuliwa, hakuna hata moja lililotimiza virutubisho vyote. Mpelekee daktari wa mifugo pishi lako alipitie, na usibadilishe paja kwa kifua au kuacha kitu kwa sababu kimeisha.

Vitunguu vya aina zote, zabibu na chokoleti ni sumu. Mifupa iliyopikwa hupasuka na kutoboa utumbo. Samaki wabichi wa aina nyingi huharibu vitamini B1. Vitamini hiyo ikipungua, paka huanza kuinamisha kichwa na kuyumba.

Paka mzima wa kilo 4 aliyehasiwa huhitaji kama kilokalori 200 kwa siku, sawa na gramu 130 hivi za chakula hiki, kwa milo miwili au mitatu. Mpime uzito kila wiki mbili, urekebishe. Chakula hukaa siku mbili hadi tatu kwenye friji, kingine kigandishe.

Anza na robo ya chakula kipya ndani ya cha zamani, uongeze kwa siku 10. Akikataa, rudi nyuma, usimshindishe njaa: paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa mnene, hujaa mafuta kwenye ini na anaweza kufa. Akifikia saa 24 bila kula, mpigie daktari.