UTI sugu, uchafu ukeni na mlango wa kizazi: maswali yanayoulizwa mlangoni

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kliniki, mengi yakiulizwa mtu akiwa ameshaaga na mkono uko kwenye kitasa. Mlango wa kizazi ninaouzungumzia ni ile sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayotokeza ndani ya uke. Wapo wanaouita shingo ya kizazi.

Nimewahi kutibiwa gono mara mbili. Nitapata saratani ya kizazi?

Gono haigeuki saratani. Wala kaswende haigeuki. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na kirusi kiitwacho HPV, ambacho kina aina zaidi ya 100. Mbili kati ya hizo, namba 16 na namba 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Ila ukumbuke kwamba HPV huambukizwa kwa njia hiyohiyo ya kujamiiana, kwa hiyo aliyepata gono anaweza kuwa amebeba na hicho bila habari. Gono, kaswende, klamidia na trikomona ni magonjwa ya zinaa yenye dawa, na yanapona. HPV haina dawa ya kumeza wala sindano ya kukiua. Kinachotibiwa ni madhara yake kwenye mlango wa kizazi, na hayo yakiwahiwa yanatibika vizuri sana.

Nina UTI sugu mwaka wa pili sasa, natokwa na uchafu. Ndiyo dalili ya saratani?

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Uchafu wenye harufu, muwasho au rangi ya kijani ukitoka ukeni, hiyo si njia ya mkojo. Inaweza kuwa fangasi, trikomona, klamidia, au bakteria wa kawaida wa uke waliovurugika. Sasa mtu anaenda duka la dawa, anasema "UTI", anapewa vidonge vya siku tano, anapata nafuu wiki mbili, mambo yanarudi. Mwenzi hajatibiwa, kipimo hakijafanyika, na jina limeshakuwa "UTI sugu". Hata dawa ingekuwa sahihi, mwenzi asipotibiwa, gono, klamidia au trikomona vitarudi palepale.

Niseme na hili: vile vijifuko vya dawa vya kuingiza ukeni "kuvuta uchafu" vinavyouzwa mitandaoni, achana navyo. Yale mabonge wanayoyapiga picha siku ya tatu, mara nyingi ni ute na ngozi laini ya uke iliyochubuliwa na dawa yenyewe. Halafu uke uliochubuka unapokea maambukizi kirahisi zaidi. Kitunguu saumu, ndimu na maji ya sabuni navyo vikae jikoni na bafuni.

Kurudi kwenye swali: uchafu si dalili ya mabadiliko ya awali ya saratani. Utibiwe uchafu kama uchafu, na mlango wa kizazi uangaliwe kivyake. Wengi hutibiwa cha kwanza, wakaenda nyumbani wakidhani na cha pili kimeisha.

Kwa hiyo mabadiliko ya awali yanaonyesha dalili gani?

Hayaonyeshi. Huna maumivu, huna harufu, hedhi inakuja kama kawaida. Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, au maji yenye harufu kali yasiyokatika ni dalili zinazokuja mambo yakiwa yameendelea, na ukiziona nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Kinachotokea ndani ni hivi. Kwenye mlango wa kizazi kuna mpaka ambapo seli za nje, zinazofanana na za uke, zinakutana na seli za ndani zinazotoa ute. Seli za mpaka huo hubadilika badilika katika maisha ya mwanamke, na hapo ndipo HPV kinapopenda kukaa. Wanawake wengi wanaokipata, mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache kinang'ang'ania, na seli zinaanza kukua hovyo. Wataalamu hupanga mabadiliko hayo kwa daraja la kwanza hadi la tatu. La kwanza mara nyingi hurudi kuwa sawa lenyewe. La pili na la tatu ndiyo yanayotibiwa kabla hayajavuka kuwa saratani. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kuvuta sigara kunaiharakisha.

Wanapima kweli kwa siki?

Kweli. Ni asidi iliyomo kwenye siki, asilimia 3 hadi 5, iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Unalala chali kitandani, magoti juu, umejifunika khanga. Muuguzi anaingiza kifaa cha kupanua uke, anamulika taa, anapaka siki kwa pamba, kisha anasubiri kama dakika moja. Eneo lenye seli zilizobadilika linageuka jeupe zito lenye ukingo unaoonekana, na mlango uliobaki unakaa na rangi yake ya waridi. Majibu unayapata kabla hujashuka kitandani. Utasikia ubaridi wa kifaa, na wengine husikia siki ikiwasha kidogo.

Weupe huo haumaanishi saratani. Mara nyingine ni uvimbe wa maambukizi tu, ndiyo maana mwenye uchafu mwingi huweza kutibiwa kwanza kisha akarudi. Na kwa aliyepita miaka 50 kipimo hiki hupungua uwezo, kwa sababu ule mpaka umeshaingia ndani zaidi na jicho haliufikii.

Kuna kipimo kingine cha kutafuta HPV chenyewe kwenye maabara. Ndicho Shirika la Afya Duniani linachopendekeza tangu 2021, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Uzuri wake ni kwamba mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, pazia likiwa limefungwa. Pale ambapo hakijafika, siki kila baada ya miaka 3 inafanya kazi nzuri.

Nikikutwa na weupe wananikata kizazi?

Hapana. Siku hizi vituo vingi vinatumia tiba ya joto: ncha ya chuma inayopashwa hadi nyuzi 100 hivi inagusishwa palepale kwa sekunde 20 hadi 40. Kwingine hutumia tiba ya kugandisha. Maumivu ni kama tumbo la hedhi. Utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, kwa hiyo andaa pedi, na mpumzike tendo la ndoa wiki nne ili kidonda kipone. Baada ya mwaka unarudi kuangaliwa. Kuzaa bado unaweza.

Ninaishi na VVU, natumia dawa vizuri. Kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii, na kinga ikiwa chini ile safari ya miaka 15 inaweza kufupika ikawa 5 hadi 10. Kwa hiyo kupima kunaanza miaka 25 na kunarudiwa mapema zaidi. Ukienda kliniki kuchukua dawa na hakuna aliyekugusia jambo hili, uliza wewe. Usione haya kumrudia muuguzi hata mara tatu.

Nimekutwa na HPV. Mume wangu ametoka nje?

Kipimo hicho hakiwezi kukujibu. Kirusi hiki hukaa kimya miaka mingi, kinaweza kuwa kimetoka kwake au kwako kabla hamjajuana. Hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kwa wanaume, na mwanaume aliyenacho kwa kawaida haoni kitu. Ndoa nyingi zinatikiswa na karatasi isiyosema lolote kuhusu nani alifanya nini. Kwa akina baba: utafiti wa Rakai, Uganda, ulionyesha kwamba wake za waliotahiriwa walikuwa na HPV kidogo zaidi. Si kinga kamili.

Na kondomu?

Inapunguza, haizuii yote, kwa kuwa HPV hupita kwa kugusana ngozi hata pale isipofunika. Kwa VVU na gono inakinga vizuri zaidi.

Binti yangu ana miaka 11. Chanjo ya HPV haitamfunga uzazi?

Haimfungi. Ndani yake hakuna kirusi, kuna maganda matupu ya protini yanayoufundisha mwili kukitambua. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikahamia dozi moja, kwa miaka 9 hadi 14. Dozi moja haikutokana na ubahili: ilijaribiwa hapahapa, Mwanza, kwa wasichana 930, na nchini Kenya dozi moja iliwakinga wasichana wengi mno dhidi ya aina ya 16 na 18. Inatolewa mapema kwa sababu inazuia maambukizi mapya, haiondoi yaliyokwishaingia. Naye akikua atapima kama wenzake, kwani haikingi aina zote.

Nimepewa rufaa, wamesema eneo ni kubwa. Ndiyo saratani tayari?

Si lazima. Weupe ukifunika zaidi ya robo tatu ya mlango, au ukiingia ndani ambako jicho halioni, ncha ya joto haiwezi kufika kote. Hospitali ya rufaa watakata kipande chembamba kwa waya wenye umeme, chini ya ganzi, na kukipeleka maabara. Kabla hujatoka kituoni hakikisha una karatasi ya rufaa yenye mchoro wa walichokiona, jina la kliniki unayokwenda, na siku gani ya wiki inafanya kazi, maana nyingi hazifunguliwi kila siku.